Jiko la Kuni la Kwanza Nyumbani: Lipi Lafaa, na Litumiweje

Mkulima msomaji, ukitembea katika skimu zetu leo utaona mambo mengi ya kufurahisha. Nyumba ni za mabati, matangi ya maji yamejengwa, na ng'ombe wa gredi wanakamuliwa asubuhi na jioni. Lakini ukifika nyuma ya nyumba, ukainama na kuingia mahali pa kupikia, mara nyingi utakuta mafiga matatu, ukuta mweusi, na mama anayefuta macho kwa ncha ya leso. Shamba limekwenda mbele, jiko limebaki pale pale.

Wakulima wa kwanza walipoingia katika skimu za Kinangop, Ol Kalou na Lugari, tangu mwaka 1962 Mpango wa Eka Milioni Moja ulipoanza, kuni hazikuwa shida. Mashamba mengi yaliachwa na miti ya muwati na mikaratusi, na msitu haukuwa mbali. Hesabu ya leo ni nyingine. Shamba lililokuwa na nyumba moja sasa lina nyumba nne, za wana na za wajukuu, na kila nyumba ina moto wake. Mti uliopandwa na babu ulikwisha katwa zamani. Kwa hivyo mwezi huu tutajifunza juu ya jiko la kuni: jinsi ya kuchagua la kwanza, jinsi ya kulitia mahali pake, na jinsi ya kulitumia. Jiko zuri likitumiwa vibaya hula kuni kama mafiga.

Anza na mizani, si duka

Kabla ya kutoa hata shilingi moja, jua kwanza unatumia kuni kiasi gani. Wakulima wengi hawajui. Ukimwuliza mtu atakwambia, "mzigo mmoja na nusu", lakini mzigo wa nani? Chukua mizani ya kuning'iniza, ile ya kupimia viazi au maziwa. Kila asubuhi pima kuni zitakazotumika siku hiyo, na usiku pima zilizobaki. Fanya hivyo kwa siku saba, uandike katika daftari ya mtoto wa shule.

Tuseme umeona kilo 70 kwa wiki. Hizo ni kilo 10 kwa siku, na kwa mwaka ni kilo 3,640. Ikiwa jiko jipya litapunguza theluthi moja, utabakiza zaidi ya kilo 1,200. Mzigo wa mgongoni wa kilo 30, basi, mama atapunguziwa safari 40 kwa mwaka. Sasa unaweza kukaa na kuuliza: safari 40, au kuni za kununua za kilo 1,200, zina thamani gani kwetu? Fundi akikutajia bei ya jiko utajua kama ni ghali au rahisi.

Mafiga yana makosa gani?

Tusiyatukane mafiga. Hayakugharimu kitu, yanachukua sufuria ndogo na chungu kikubwa cha sherehe, yanatia joto chumbani na kutoa mwanga. Wazee wetu hawakuwa wajinga. Lakini moto wa mafiga uko wazi pande zote. Upepo unaingia upande huu na kuchukua joto kutoka upande wa pili. Hewa baridi ni nyingi mno mahali pengine, na chini ya kuni, pale inapotakiwa, haifiki. Ndiyo sababu kuni hutoa moshi. Moshi, kwa hakika, ni sehemu ya kuni ambayo haikuungua. Unapoona moshi mzito ukipanda darini, unaona kuni zako zinakwenda bure.

Tena moshi huo haupotei tu. Mwaka 2001 ulichapishwa uchunguzi uliofanywa katika nyumba 55 za Laikipia. Uchunguzi huo ulionyesha kwamba kadiri watu walivyovuta moshi mwingi, ndivyo maradhi ya kifua yalivyozidi, kwa watoto wadogo na kwa wakubwa pia. Mtoto aliye mgongoni mwa mama anayepika huvuta hewa ile ile ya mama, lakini kifua chake ni kidogo kama ngumi. Nimonia ya watoto haitokani na baridi peke yake kama wengi wanavyodhani.

Majiko unayoweza kuyapata

La kwanza ni lile linaloitwa jiko kisasa, au jiko la Maendeleo; upande wa Magharibi wengi walilijua kwa jina la Upesi. Lilienezwa katika miaka ya 1980 na Wizara ya Nishati pamoja na Maendeleo ya Wanawake. Ni kama chungu kisicho na kitako, cha udongo uliochomwa, chenye mlango mmoja wa kuingizia kuni na vishikizo vitatu vya kukalishia sufuria. Chungu hicho hununuliwa, kisha hujengewa ukuta wa udongo jikoni kwako. Bei yake ni ndogo kuliko ya majiko mengine, na kazi ya kujenga waweza kuifanya mwenyewe kwa asubuhi moja. Hupunguza kuni na hupunguza moshi, lakini halina dohani, kwa hivyo moshi unaobaki ungali chumbani.

La pili ni jiko la roketi. Usitishwe na jina. Ndani yake njia ya moto imepinda kama kiwiko cha mkono: kuni huingia zikilala, na moto hupanda wima kwenye bomba fupi mpaka kitakoni mwa sufuria. Kuni hukalia kirafu, na hewa hupita chini ya kirafu hicho. Kwa kuwa moto umefungwa mahali pembamba palipozungukwa na kitu kinachozuia joto, unakuwa mkali sana na moshi huungua kabla ya kutoka. Hupenda kuni nyembamba, hata matawi ya kupogolea. Kuna la kubeba, la bati, na kuna la kujengwa kwa matofali, lenye matundu mawili na dohani.

La tatu ni jiko la chuma lenye dohani, linalochomelewa na mafundi wa jua kali. Lina uso wa chuma wa kukalishia sufuria mbili tatu, mara nyingine tangi dogo la maji ya moto ubavuni, na mara nyingine tanuri ya kuokea mkate. Hilo ni ghali. Tena kwa kupika tu halishindi sana majiko ya udongo, kwa sababu ni lazima chuma chote kipate moto kwanza. Lakini kwa mtu wa Kinangop au Molo, ambako Julai hutapenda kutoa mikono kwenye koti, lina faida nyingine: linatia joto chumbani, na moshi wote unakwenda nje.

Lipi basi? Tazama chakula chako kabla ya kutazama kitabu cha bei. Ukipika ugali kila siku, jiko lazima lisimame imara, kwa maana mwiko wa ugali unasukuma kwa nguvu. Jiko dogo la kubeba lenye miguu myembamba litapinduka, na maji ya moto yatamwagikia miguu ya mtu. Hapa jiko lililojengwa ndilo bora. Ukipika githeri mara nyingi, wataka jiko linaloweza kushika moto mdogo kwa saa nyingi bila kusimamiwa. Jiko kisasa na la chuma hufanya hivyo vizuri, lakini roketi wataka kusukumia kuni kila mara. Chapati zataka moto uliotawanyika. Ulimi mmoja mkali wa roketi utaunguza katikati ya chapati na kuacha ukingo mbichi, isipokuwa upunguze kuni mpaka kijiti kimoja au viwili na kuzungusha kikaangio. Chukua pia sufuria yako unayotumia zaidi uende nayo kwa fundi. Jiko lililo kubwa kuliko sufuria hupitisha moto pembeni, na lililo dogo mno hushindwa kuichemsha.

Na neno moja kwako wewe bwana wa nyumba. Usimnunulie bibi yako jiko bila kumwuliza. Nalijua jiko moja la chuma, zuri sana, lililoletwa kwa gari kutoka mjini na kushangaza jirani wote. Lilikuwa refu mno kwa mama wa nyumba ile, hakuweza kusonga ugali akiwa amesimama wala akiwa ameketi. Nilipopita baada ya miezi sita kuku alikuwa akiatamia mayai ndani ya tanuri, na mafiga yalikuwa yakitoa moshi uani kama kawaida. Anayepika ndiye apime urefu: uso wa jiko uwe chini kidogo ya kiwiko chake kama anapika kwa kusimama, au usawa wa goti kama amezoea kuketi kwenye kigoda.

Kujenga jiko kisasa

Tutaeleza hili kwa urefu, kwa kuwa ndilo wengi wenu mtakaloanza nalo.

Unaponunua chungu cha jiko, kigongegonge kwa kidole. Kilichochomwa vizuri hulia kama kengele. Chenye ufa au kilichochomwa nusu hutoa sauti ya kufa. Kikatae, hata muuzaji akikupunguzia bei.

Chagua mahali pasipopita upepo wa mlangoni, lakini karibu na dirisha. Pasiwe chini ya kamba ya kuanikia nguo wala karibu na ukuta wa mbao. Kama wataka liwe juu, jenga kwanza kizimba cha mawe au matofali na ukijaze kifusi.

Udongo mzuri ni ule wa kichuguu. Uponde, uchekeche, utoe mawe na mizizi. Changanya na mchanga na samadi mbichi ya ng'ombe au majani makavu yaliyokatwa madogo, ukande kwa maji mpaka ushikamane. Usitafute kipimo kimoja cha nchi nzima, maana udongo wa Lugari si udongo wa Kinangop. Fanya jaribio: finyanga matonge matatu, la kwanza bila mchanga, la pili lenye mchanga kidogo, la tatu lenye mchanga mwingi. Yaanike kivulini siku tatu. Likipasuka, mchanga hautoshi. Likimung'unyika mkononi, mchanga umezidi. Tonge lililobaki zima ndilo udongo wako.

Kilaze chungu kikiwa sawasawa. Kama huna kipimo cha fundi, weka sufuria yenye maji kidogo juu yake utazame maji yanaelekea wapi. Loweka chungu kwa maji kwanza, ili kisinyonye maji ya udongo na kuupasua. Kisha kijengee ukuta wa unene wa inchi 4 pande zote, ukishindilia vizuri ili pasibaki nafasi tupu, kwa maana hapo ndipo chungu huvunjika. Udongo usifunike vishikizo vya sufuria: lazima pabaki mwanya wa moto kupita kati ya sufuria na ukuta, upana wa kidole kidogo. Mbele ya mlango jenga kijukwaa cha kulazia kuni, zisiinamie nje na kuanguka.

Sasa subiri. Hapa ndipo wengi huharibu kazi yao. Jiko likae majuma mawili likikauka polepole, na katika miezi ya ukungu majuma matatu. Kila siku ziba nyufa ndogo kwa udongo laini. Siku ya kwanza washa moto wa vijiti vichache tu, bila kupika kitu. Siku ya pili ongeza. Ukiwasha moto mkubwa kwenye ukuta mbichi, maji yaliyomo yatageuka mvuke na kuupasua.

Kuni: nusu ya jiko ni kuni

Mti uliokatwa leo waweza kuwa na maji nusu ya uzito wake. Maana yake nini? Ukitia motoni kilo 10 za kuni mbichi, umetia lita 5 za maji. Kabla chai yako haijachemka, moto wako umekwisha chemsha lita 5 zisizo na faida na kuzigeuza mvuke, na macho yako yamelipa gharama. Hakuna jiko lolote, hata la maelfu ya shilingi, litakaloshinda kuni mbichi.

Kata kuni mwanzoni mwa kiangazi, Desemba na Januari, kwa ajili ya miezi ya mvua na baridi. Zipasue zingali mbichi, kwani ni rahisi zaidi kupasua, na mti uliopasuliwa hukauka upesi kuliko gogo zima. Kwa jiko kisasa unene wa kifundo cha mkono unatosha. Kwa roketi unene wa kidole gumba au viwili. Zipange juu ya mawe au magogo mawili zisiguse ardhi, chini ya bati, pande zikiwa wazi ili upepo upite. Banda lililozibwa pande zote huoteza ukungu. Utajuaje zimekauka? Chagua kipande kimoja, kitie alama ya rangi, ukipime kila mwezi. Kikiacha kupungua uzito, kuni ziko tayari. Kavu hulia "ko" zikigonganishwa, na mbichi hutoa sauti nzito.

Muwati ni kuni bora, na mkaratusi uliokauka vizuri hufuata. Mgrivea huwaka kwa moto wa wastani, lakini sifa yake ni kwamba waweza kupogoa matawi kila mwaka na mti ukabaki kuwa mbao ya kesho, panda mipakani. Saiprasi hushika upesi, yafaa kuwashia, lakini ina utomvu, hurusha cheche na kuacha masizi mengi katika dohani. Magunzi ya mahindi ni mazuri sana kwa chai ya asubuhi, usiyatupe. Mikaratusi usiipande karibu na kijito wala chemchemi, inakunywa sana.

Vipo vitu visivyofaa kuingia jikoni kabisa. Usichome nguzo zilizotiwa dawa ya kuzuia mchwa, zile zenye rangi ya kijani: nyingine zina sumu ya aseniki, na sumu hiyo hubaki katika moshi na katika majivu. Usichome mbao zilizopakwa rangi. Utomvu wa mtupa huharibu macho. Usiwashie moto kwa plastiki wala kipande cha mpira, hata kama hushika upesi. Na mafuta ya taa usiyamwage kamwe juu ya makaa yaliyo hai.

Kupika kwa moto mdogo

Washa kwa vijiti vilivyo vyembamba kama penseli, vikiwa vimesimama mbele mbele, hewa ipite. Moto ukishika, ongeza vipande viwili au vitatu tu. Usijaze mlango: sehemu ya juu ni ya kuni, lakini chini lazima pawe na nafasi ya hewa. Sukuma kuni ndani kadiri ncha zinavyoungua. Usiziingize zote mara moja. Toa majivu kila asubuhi, kwa maana majivu yakijaa hewa haipiti na moshi huanza upya. Mtu akilalamika kwamba jiko lake jipya "limezeeka", kwanza nitauliza alitoa majivu lini.

Wakulima wa nyanda za juu wasikilize neno hili. Kinangop, kwenye urefu wa kama mita 2,500 juu ya bahari, maji huchemka kwenye digrii kama 92, si 100. Ndiyo maana githeri yako hukaa motoni muda mrefu kuliko ya ndugu yako wa Mwea. Na maji yakisha kuchemka, kuongeza kuni hakutayafanya yawe moto zaidi. Yatapungua tu, na kuni nazo zitapungua. Kwa hivyo maji yakichemka, ondoa kuni zote isipokuwa moja, funika sufuria kwa mfuniko na uweke jiwe juu. Loweka maharagwe na mahindi tangu usiku, umwage maji hayo.

Waweza tena kutumia kikapu cha joto. Chukua kikapu kikubwa, kizungushie blanketi kuukuu au mto wa nyasi kavu zilizoshindiliwa, uache shimo la ukubwa wa sufuria. Githeri ikisha kuchemka vizuri, itie humo na mfuniko wake, ifunike kwa mto mwingine, nayo itaendelea kuiva bila kuni. Lakini maharagwe mekundu lazima yachemke kwa nguvu si chini ya dakika 10 kabla ya kuingia kikapuni, kwa sababu yana sumu ambayo joto la kikapu peke yake haliiondoi. Na ukiyatoa, yachemshe tena kabla ya kula.

Moshi, dohani na paa

Kwa jiko lisilo na dohani, toboa dirisha upande wa pili wa mlango na uache nafasi wazi chini ya paa. Mtoto asilale jikoni wakati wa kuwasha, kwani hapo ndipo moshi huwa mwingi kuliko saa zote.

Ukichagua jiko la dohani, bomba liwe la upana wa inchi 4 au zaidi, lipande wima bila kona nyingi, na kichwa chake kiwe juu ya mgongo wa paa kwa futi 2, la sivyo upepo utasukuma moshi urudi ndani. Tia kofia ya bati kuzuia mvua. Panapopita karibu na boriti, acha dhiraa moja, au weka bati la kukinga lenye nafasi ya hewa nyuma yake. Paa la nyasi na bomba la chuma havipatani: cheche moja yatosha. Kama jiko lako lina paa la nyasi, ezeka bati kwanza, au baki na jiko kisasa. Asubuhi dohani ikiwa baridi moshi hukataa kupanda. Choma karatasi moja kwenye mdomo wa bomba, utaona inavuta. Masizi yasafishwe kila baada ya miezi miwili au mitatu kwa gunia lililofungwa kwenye kamba. Masizi yakiwa mazito hushika moto ndani ya bomba, nao moto huo huunguruma kama gari.

Dohani pia inaondoa kitu kimoja ambacho hukuwa umekihesabu. Mahindi ya mbegu yaliyoning'inizwa juu ya mafiga yalilindwa na moshi, na nyasi za paa vile vile. Moshi ukiondoka, dumuzi na fukusi watakuja. Basi kabla ya dohani kuanza kazi, weka tayari mifuko isiyopitisha hewa au pipa la chuma, na mahindi yawe makavu kabisa kabla ya kufungwa.

Usilale na moto

Kila mwaka, Juni na Julai, husikika habari ile ile kutoka nyanda za juu: watu walikuwa na baridi, wakaingiza jiko la makaa chumbani, wakafunga mlango na dirisha, na asubuhi hawakuamka. Makaa yasiyotoa moshi hutoa hewa iitwayo kaboni monoksaidi, ambayo haina rangi wala harufu. Mtu huumwa kichwa, hulegea, husinzia, na hadhani kitu. Makaa ya kuni ni sawa na makaa ya gunia katika jambo hili. Usichukue makaa katika karai kwenda kuwapashia watoto chumbani. Hata jiko la dohani, usifunge kizuizi cha bomba ukingali na makaa ndani. Ukiona mtu ameanza kuumwa kichwa na kutapika katika chumba chenye moto, mtoe nje kwenye hewa mara moja na umpeleke hospitali.

Mtoto akiungua, mwagia mahali hapo maji baridi ya kawaida kwa dakika 20, saa mkononi. Usipake unga, samli, dawa ya meno wala udongo. Funika kwa kitambaa safi, uende zahanati. Ukutani mwa jiko chora mstari, futi 3 kutoka motoni, na mtoto ajue kwamba hapiti hapo.

Majivu yatiwe katika ndoo ya chuma yenye mfuniko, yakae siku mbili nje, kwa maana kaa moja hai laweza kujificha ndani. Baadaye yatawanye katika shamba la mboga au la mahindi. Yanapunguza ukali wa udongo, lakini usiyatie kwenye viazi, maana yanasaidia ugonjwa wa upele wa viazi, wala kwenye chai, ambayo inapenda udongo mkali.

Kila wiki pitisha udongo laini juu ya jiko kisasa na uzibe nyufa. Chungu kikipasuka ufa mwembamba uliobanwa na ukuta, bado kitafanya kazi; kikianza kumeguka na sufuria kuyumba, kibomoe na ununue kingine. Ukuta waweza kujengwa tena kwa udongo ule ule.

Baada ya miezi miwili, rudi kwenye mizani na upime kuni siku saba kama mwanzo. Kama kilo hazikupungua, usikimbilie kulaumu fundi. Tazama kama kuni ni kavu, kama mfuniko unatumika, kama majivu yanatolewa, na kama mafiga ya zamani hayawashwi bado nyuma ya nyumba jioni.